Kompyuta Chini ya Kitambaa cha Kufuma

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Watoto wangu niliwalea bila kuwapigia makofi, na wajukuu wananijua. Kwa hiyo mtu akikuta hapa namsifu mkamwana wangu, asifikiri ni uzee umenilegeza. Nilikuwepo, niliona, na nitaandika kama ilivyokuwa. Shuleni sikukaa sana. Masista walinifundisha kusoma katekisimu, kuandika Kiswahili cha kanisa na kushika sindano, basi. Mambo ya kompyuta nitayasema kwa maneno yangu, na mwenye kujua zaidi anivumilie.

Tunakaa Kampemba, mtaa wa mji wa migodi huku kusini. Mwanangu anafanya kazi machimboni, mbali na mji, anarudi mwisho wa mwezi, na mwezi mwingine harudi. Nyumba imebaki ya wanawake wawili na watoto. Mke wake ni mtu wa Kivu ya Kaskazini. Watu wa kwao ni wafanyabiashara, wanauza kwa jumla, wanapakia magari makubwa, na wengi wako hapa hapa mjini, upande wa Bel-Air. Baba yake peke yake ndiye aliyekataa kuja. Alibaki milimani na shamba lake la kahawa, akasema watoto waende kuuza, yeye atalima.

Mkamwana alipoolewa alikuja na sanduku la nguo na mashini ya kudarizi. Mashini ile baba yake aliinunua kwa mavuno ya kahawa, ili binti yake asije akaomba sabuni kwa mume. Si mashini ya kupiga kwa mguu kama yangu. Unachora ua kwenye kompyuta, waya unalipeleka ua mpaka kwenye mashini, na mashini inashona yenyewe, sindano inakimbia, mtu anabaki kubadilisha nyuzi tu. Siku ya kwanza niliitazama mpaka ikamaliza waridi zima.

"Sasa weye kazi yako ni gani?" nikamuuliza.

"Kazi yangu ni kuichunga, Mama, isifanye bujinga."

Nilifikiri ni maneno ya mtu mvivu. Lakini mashini hiyo ilidarizi kanzu za mapadri, vitenge vya mama wa kanisa, mashuka ya maarusi wa mtaa mzima, na sikuona siku watoto wamelala bila bukari, ugali wetu.

Halafu vita ikachukua miji ya kwao. Sisi huku kusini tulisikia kwa redio, leo mji huu, kesho ule. Ndege zikaacha kutua. Benki za huko zikafunga. Maharagwe ya Kivu yakapotea sokoni kwetu, na magari ya ndugu zake yakakaa uani na matairi yakalegea. Kila jioni mkamwana alikuwa anapiga simu kwa baba yake na simu inamjibu kwamba mtu huyo hapatikani. Alikuwa anaisikiliza mpaka mwisho kila mara, kama sauti ile ya simu ingeweza kubadili mawazo.

Katikati ya mambo hayo ndipo kompyuta yake ilipotutia kazini.

Umeme kwetu unakuja ukitaka. Siku ukija na nguvu, bila kupepesuka, mtaa wote unachachamaa. Huyu anapiga pasi nguo za mwezi, yule anasukuma maji kwa pampu, fundi wa vyuma anachomelea milango hata ambayo haijaagizwa. Hakuna anayekubali umeme mzuri upite bure. Ndiyo tabia yetu, na ndiyo iliyotuponza. Maana kompyuta ya mkamwana ilikuwa inaandika kila asubuhi kwa Kifaransa kwamba sistemi yake, yaani ule mfumo wa ndani unaoiendesha, imezeeka, achukue mpya, ni bure, asipochukua haitalindwa tena. Kila asubuhi alikuwa anayasukuma maneno hayo pembeni kama mtu anayefukuza inzi.

Siku moja umeme ulikuja tangu alfajiri na haukukatika. Kazi zilikwisha mapema. Kompyuta imekaa, mtandao wa jirani uko wazi.

"Mama, leo tuipe ile kitu inaombaka kila siku?"

"Uipe," nikamjibu. "Moto ya umeme kama hii haitakuya tena juma hili."

Kompyuta ilikunywa sistemi hiyo mchana mzima. Kamstari kadogo kalitembea taratibu, kompyuta ikazimika na kuwaka, ikazimika na kuwaka. Ilimaliza vizuri kabisa. Laiti umeme ungekatika kama kawaida yake!

Kesho yake akachomeka mashini. Kompyuta ikawaka na picha mpya ya milima na herufi mpya nzuri nzuri. Mashini ikawaka. Waya uko mahali pake. Lakini kompyuta ikaandika kwamba haioni mashini yoyote. Mashini iko pale mezani, kubwa kama mbuzi, na kompyuta inasema hakuna kitu. Mkamwana akachomoa, akachomeka. Akazima, akawasha. Alisafisha ncha za waya kwa kitambaa. Mimi nilimwambia aipige kidogo pembeni, kama tulivyokuwa tunafanya na redio, akanitazama, na sikurudia.

Alikuwa bado anahangaika nayo pale ndugu zake wa Bel-Air walipokuja nyumbani, wote pamoja, mchana, wamevaa mashati ya kanisani. Watu wa biashara hawaji wote pamoja mchana. Aliwaona mlangoni akajua. Baba yake alikuwa amekufa. Mtu mmoja wa kijijini alipanda mlima kutafuta mtandao, akatuma sauti. Majirani walikuwa wamemzika siku ile ile pembeni ya kahawa yake, kwa haraka, kwa sababu ya risasi.

Tangu vita ianze, watu wa kwao hapa mjini wamejifunza kulia bila maiti. Wanalala kilio kama kawaida, na siku ya Misa wanaweka meza mbele ya altare, pale ambapo sanduku la marehemu lingewekwa. Meza inafunikwa kitambaa, juu yake inakaa picha. Kitambaa analeta binti wa marehemu. Mwenye binti wengi, analeta mkubwa. Baba huyu alikuwa na binti mmoja.

Baba mdogo wake, mwenye magari, akamwambia, "Tutanunua kizuri, usijisumbue. Dukani iko vyeupe vya kutoka Dubai."

"Hapana, Baba mudogo. Kitambaa ya baba iko tayari."

Hakikuwa tayari. Kilikuwa bado mchoro ndani ya kompyuta. Kabla ya vita alikuwa amechora tawi la kahawa kutoka kwa picha aliyoletewa na simu, majani na matunda yake, akamtumia baba yake aone. Mzee alicheka, akamwambia akimaliza amletee, atafunika meza yake ya kulia chakula, watu waone kahawa yake imejifunza kushona. Tawi lenyewe lilikuwa halijashonwa hata uzi mmoja. Kazi za watu zilikuwa zinalitangulia kila siku.

Walipoondoka nilimwambia nitashika sindano, nidarizi kwa mkono, usiku na mchana.

"Mama, asante. Lakini baba aliuza kahawa, akanunua mashini. Ile mashini njo itamudarizia. Kama haitamudarizia yeye, ilikuya huku kufanya nini?"

Misa ilikuwa Jumamosi ya juma lile lile. Sikubishana tena. Asubuhi tulifunga kompyuta ndani ya shuka, tukaenda mjini kwa fundi.

Fundi alikuwa kijana wa miwani, mwenye adabu. Akaniita kambo, yaani bibi, akanipa kiti. Alibonyeza, akasoma, akabonyeza.

"Pilote njo inakosekana," akasema.

"Pilote ya nini? Kwani inaruka?"

"Hapana, kambo. Pilote ni programu ya kujulisha kompyuta na mashini. Tuseme kompyuta inasemaka Kifaransa, mashini inasemaka Kiluba. Pilote njo mukalimani. Sistemi mupya ilipoingia, mukalimani wa zamani ikamufukuza."

"Mashini ni muzima?"

"Muzima."

"Kompyuta?"

"Muzima, tena ile ya nguvu."

"Na waya?"

"Waya pia."

"Sasa mugonjwa ni nani?"

"Hakuna mugonjwa, kambo. Habajuane tena, basi."

Nilielewa kuliko alivyodhani. Sisi wa familia za reli na za migodi tuliona wakubwa wapya wakiingia ofisini, wanafukuza mzee aliyejua kila kitu kilipo, halafu wanashangaa kazi imesimama. Nikamuuliza kwa nini asimrudishe mkalimani wa zamani. Alijaribu, sitamsingizia. Aliibadilisha hata ile adaptatere ya katikati, kipande kinachounganisha waya mpana wa mashini na tundu dogo la kompyuta. Alijaribu kurudisha sistemi ya zamani, kompyuta ikabaki nyeusi mpaka mkamwana akafunga macho, halafu ikarudi kwenye milima yake mizuri.

"Kwa hii mashini," fundi akasema mwishowe, "inafaa kompyuta ya zamani kabisa. Ile ya tundu pana nyuma, ile haiyagusaka internet hata siku moja. Lakini zile bantu balitupa zamani."

Mkamwana alikuwa anakunja waya polepole. Mimi nilikuwa nawaza sebule ya yaya.

Huyu ninayemwita yaya, yaani dada mkubwa, si ndugu wa damu. Tulikuwa majirani zamani, waume zetu wote wawili walikuwa watu wa reli, wangu kiwandani, wake karani wa ofisi. Ofisi ile ilipokufa, mishahara ilikuwa haijaonekana kwa muda mrefu, na wakubwa wakawaambia watu wachukue vitu. Mmoja akachukua viti, mwingine feni. Mume wa yaya alirudi Bel-Air akisukuma baiskeli, juu yake kompyuta na kioo chake kama tumbo la mtungi. Ndiyo malipo ya maisha yake yote. Aliiweka sebuleni. Alikuwa anaiwasha kila asubuhi, anaandika barua za madai ambazo hakuna aliyekuwepo wa kuzipokea. Alipofariki, yaya akaifumia kitambaa cheupe chenye tausi wawili, akaifunika, akaweka juu yake maua ya plastiki. Mtoto akiigusa anapigwa. Hata mimi sijawahi kuweka kikombe karibu.

Tulimkuta anachambua sombe, majani ya muhogo. Akatukaribisha kwa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, akampa mkamwana pole ya baba yake. Nikaeleza shida yetu yote mpaka mwisho. Yaya akaacha sombe.

"Ile haitoke," akasema. "Muzee aliingia nayo mulango ule pale. Yeye alitoka, ile ilibakia. Ikitoka nayo, nitabakia na nini? Maua ya plastiki?"

Mimi nilikwisha shika kitambaa changu cha kichwa nijifunge, twende. Mkamwana hakuondoka kwenye kiti.

"Mama, siombe itoke. Naomba mashini yangu iingie."

Yaya akamtazama.

"Iingie wapi?"

"Hapa. Nitakuya na mashini, na meza, na nyuzi. Kitambaa ya tausi nitakitoa mie mwenyewe, nitakikunja. Kila jioni nitakirudisha na maua yake. Siku nikimaliza, natoka na mashini yangu, ile ya Muzee inabakia mahali yake."

"Na kama itakufa mu mikono yako?"

"Basi itakufa na inafanya kazi."

Nilifikiri sasa tutafukuzwa. Jibu lile lilikuwa kali, tena kwa mtu mzima. Lakini yaya alicheka kicheko kifupi cha puani, akanigeukia.

"Huyu bakwe zako balimulisha nini kule Kivu?"

"Kahawa," nikasema.

Kesho yake asubuhi mashini tuliisafirisha kwa mkokoteni, juu ya godoro la watoto. Mwenye mkokoteni alisukuma, mimi nilibeba boksi la nyuzi, na mkamwana alitembea pembeni na mkono wake juu ya mashini njia yote, kila shimo akisema polepole, polepole. Mama mmoja anayekaanga mikate barabarani akatupigia kelele:

"He! Munapeleka mugonjwa ku hospitali?"

"Weye ugeuze mikate yako, inaungua!" nikamjibu. Na kweli ilikuwa inaungua.

Alitoa kitambaa cha tausi kama alivyoahidi, kwa mikono miwili, akakikunja kwa mistari yake ya zamani. Alifuta vumbi nyuma ya kompyuta kwa brashi ya kupaka rangi kucha. Tundu pana lilikuwepo. Umeme ukaja kabla ya saa sita, akabonyeza. Kwanza harufu ya vumbi linaloungua. Halafu mlio mmoja mkali. Kioo kikabaki cheusi, kisha kikaandika kwamba hakijui leo ni tarehe ngapi, kikaomba kuambiwa. Mkamwana akakiambia. Na baada ya kufikiri kwa muda mrefu, kompyuta ikapiga muziki wake mfupi wa kuamka.

Yaya alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Akaweka ungo chini.

"Ule mulio," akasema. "Kila asubuhi. Mbele ya kunywa chai."

Akaingia jikoni, na hatukumfuata.

Diski iliyokuja na mashini mkamwana alikuwa ameitunza tangu aolewe, ndani ya kopo la maziwa ya unga, isikwaruzwe. Akaitia. Kompyuta ikakoroma, ikameza, ikauliza maswali yake. Halafu mashini, ambayo ilikuwa imenyamaza tangu sistemi mpya iingie, ikatoa mlio, taa yake ndogo ikawa ya kijani. Walijuana! Nilipiga kigelegele, na mimi sipigi kigelegele hovyo.

Mkamwana hakupiga. Alikuwa ameshachomeka flashi, kile kidude kidogo alichobebea tawi la kahawa kutoka kwenye kompyuta yake. Alingoja. Akachomoa, akachomeka tena. Kompyuta ya mzee ikaandika kwamba kuna kitu kigeni, haikijui, iletewe pilote yake.

Aliketi chini kwenye sementi.

"Ile ya mupya haijue mashini," akasema. "Ya zamani haijue flashi. Na kahawa ya baba iko ndani ya flashi."

Mimi nilikuwa nahesabu siku zilizobaki mpaka Misa, na zilikuwa chache. Hapo ndipo ninaposema niliona. Mtu mwingine angelia, na haki yake. Mwingine angetukana kompyuta zote mbili, mimi nilikuwa karibu kufanya hivyo. Yeye alikaa chini pale muda wa mtu kumaliza kikombe cha munkoyo, akainuka, akafunga flashi kwenye leso, akavuta kiti.

"Nitachora mupya," akasema.

Programu ile ya zamani ya kwenye diski haikuwa ya kuchora kwa mkono huru. Ilikuwa imejaa vyumba vidogo vya mraba, kama daftari la hesabu, na kila chumba unakijaza rangi. Alianza na jani. Umeme ukakatika, jani likapotea. Ulipokuja, akaanza tena, na tangu hapo akawa anahifadhi kila baada ya vyumba vichache, mkono wake ukajifunza wenyewe. Jani la pili yaya alikuja kulitazama, ameshika mwiko.

"Ile ni jani ya sombe."

"Ni ya kahawa, Mama."

"Mie kahawa naijua mu kikombe tu. Lakini sombe nachambua tangu kuzaliwa. Ile ni sombe."

Mkamwana alirudi nyuma hatua moja, akatazama, akaanza kucheka. Ilikuwa sombe. Alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika kati yetu tangu wale watu wa Bel-Air waje mlangoni.

Yaya aliweka mwiko, akakileta kiti chake cha kufumia, akakaa karibu na kioo. Tausi wake wote waliwahi kuwa vyumba vya mraba kabla ya kuwa uzi. Vyumba vilikuwa lugha yake. "Ukitaka pembe ilegee, usishuke mara moja," akawa anamwambia. "Tembea viwili, shuka kimoja. Tembea kimoja, shuka kimoja. Sasa, ile jani ya kwenu inakaaka namna gani?"

Na mkamwana, macho kwenye kioo, akaanza kusema. Kwamba jani la kahawa linang'aa kama limepakwa mafuta. Kwamba pembeni lina mawimbi madogo. Kwamba matunda hayaning'inii kama embe, yanakaa yamebana shingoni mwa tawi, yanasukumana. Kwamba baba yake alikuwa anapita asubuhi na kikapu kiunoni, anachuma mekundu peke yake, na la kijani analiacha mtini, analigusa kidogo kwa kidole, analiambia utangoja. Kila alichosema kilikuwa kinaingia kwenye vyumba. Machozi yalikuwa yanatoka na yeye hayafuti, kwa sababu mkono mmoja uko kwenye kibodi na mwingine kwenye kipanya. Yaya alikuwa anamfuta kwa pindo la kitenge chake bila kuacha kuhesabu.

Kila jioni, kabla ya kutoka, alizima kompyuta, akatandika tausi, akasawazisha maua. Yaya hakumkumbusha hata siku moja. Siku ya pili nilimsikia akimwambia, "Acha tu, utaifunua tena kesho." Mkamwana akajibu, "Tulipatana, Mama." Akatandika.

Ijumaa umeme ulikuja mchana. Kitambaa cheupe kilikazwa kwenye fremu, na mashini ya yule mzee wa milimani ikaanza. Sijui kusema vizuri ilivyokuwa. Tawi lilitokea kwanza, la kahawia, likatambaa kutoka pembe moja ya kitambaa mpaka pembe nyingine. Halafu majani, moja baada ya jingine, na mawimbi yake. Yaya alikuwa anayahesabu kwa sauti ndogo kama anayesali rozari. Matunda mekundu yakaja yamebanana. Mkamwana alisimama pembeni na mkono wake karibu na kitufe cha kusimamisha, haketi, hanywi maji. Niliona sasa maana ya kuchunga mashini isifanye ujinga. Uzi ukilegea aliusikia kabla ya kuuona.

Likabaki tunda moja, la kijani, katikati ya mekundu. Kwenye mchoro wa kwanza halikuwepo. Alibadilisha uzi, akabonyeza, sindano ikachora duara la tunda lile, na umeme ukakatika.

Tulingoja mpaka giza likaingia. Haukurudi.

Jumamosi alfajiri tukarudi kwa yaya, umeme hakuna. Misa ni saa tatu. Mkamwana alikitoa kitambaa kwenye fremu, akakaa nacho mapajani dirishani, akapitisha kidole kwenye lile duara tupu. Nilifikiri atasema tukiache hivyo. Akanipa mimi, na sindano, na uzi wa kijani.

"Mama, mashini ya baba imefanya yake. Hii moja ni yako."

Nilivaa miwani. Nilidarizi kama masista walivyonifundisha, mishono mifupi, ya kubana, mpaka tunda likajaa.

Kanisani meza iliwekwa mbele ya altare. Akatandika kitambaa yeye mwenyewe, akaweka picha ya baba yake katikati, amesimama amevaa koti na gambuti. Ndugu zake walijaza viti vya mbele, wanaume wazito, watu wa hesabu, watu ambao mjini wanasemwa hawana wanachokipenda ila mizigo. Wakati wa kupita mbele ya meza, baba mdogo alisimama mbele ya tawi lile, akainama kama anayesoma kitu kidogo. Akaweka kidole juu ya lile tunda la kijani.

"Hii kaka hangeichuma," akasema.

Akaligusa tena, akapita, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mkamwana alikuwa amesimama pale pembeni, ameshika mwisho wa kitambaa kisivutwe na watu. Hapo ndipo mimi nilipolia. Sikulia kwa ajili ya mzee, ambaye sikuwahi kumwona. Nililia kwa sababu ya huyu binti yake.

Baadaye fundi wa miwani alituma habari kwamba pilote imepatikana, tulete kompyuta aitie. Aliitia, tukaijaribu kwa yaya, na inafanya kazi, mashini na kompyuta ya mkamwana wanajuana tena. Lakini mashini haikurudi Kampemba. Mkamwana alipokwenda kuichukua, yaya alimwambia meza ile haimsumbui, na kwamba asubuhi bila ule mlio sasa haisogei. Basi anafanya kazi kule, anaiamsha kompyuta ya mzee kila asubuhi kabla ya chai, na kila jioni anatandika tausi wawili na maua ya plastiki. Yaya anamwita "mwanangu". Mimi ninamdai amrudishe, anajibu nimpeleke mahakamani.

Kitambaa cha kahawa hakikubaki kanisani. Kinangoja kwenda kutandikwa kule pembeni ya shamba, mahali ambapo majirani walimlaza baba yake kwa haraka. Barabara bado haijafunguka. Kiko kwenye sanduku langu, na ufunguo ninao mimi, na jua likiwaka vizuri nakitoa kukianika nyuma ya nyumba, ili siku mkamwana atakayosema twende, kisiwe na harufu ya sanduku.